Mashine za kukata nyasi za petroli na za umeme

Mashine ya kukata nyasi ni chombo chenye kisu au uzi unaozungushwa na injini au mota ili kupunguza urefu wa majani katika kiwanja cha nyumba, shule, nyumba ya ibada au uwanja wa michezo. Kwa matumizi ya nyumbani mashine hizo ni za namna mbili kubwa: zinazoendeshwa na petroli na zinazoendeshwa na umeme. Za umeme nazo ziko zinazovuta waya kutoka ukutani na zinazobeba betri. Uchaguzi kati yao hutegemea ukubwa wa kiwanja, aina ya nyasi, uhakika wa umeme, upatikanaji wa fundi na vipuri, na jambo moja ambalo wanunuzi wengi husahau, yaani ni nani atakayeishika mashine hiyo kila wiki.

Pale ambapo kiwanja ni kidogo, umeme unapatikana na nyasi hukatwa kabla hazijarefuka, mashine ya umeme kwa kawaida ndiyo inayofaa zaidi. Petroli hubaki na nafasi yake katika viwanja vikubwa, mahali pasipofika umeme, na penye magugu mazito.

Historia

Kabla ya karne ya 19 nyasi za bustani za matajiri wa Ulaya zilikatwa kwa miundu mirefu au zililiwa na kondoo. Mwaka 1830 Edwin Beard Budding, fundi wa mitambo kutoka eneo la Stroud nchini Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukata nyasi. Wazo lake alilitoa katika viwanda vya nguo vya eneo hilo, ambako silinda yenye visu ilitumika kunyoa nyuzi zilizosimama juu ya kitambaa cha sufu. Mashine yake ilisukumwa kwa mikono. Injini ya petroli ilikuja baadaye sana: kampuni ya Ransomes ya Uingereza ilianza kuuza mashine ya namna hiyo mwaka 1902.

Wengi hudhani kwamba petroli ilitangulia katika kila chombo na umeme ni jambo la juzi. Sivyo. Andreas Stihl wa Stuttgart, Ujerumani, alitengeneza kwanza msumeno wa mnyororo wa umeme, mwaka 1926. Ulikuwa na uzito wa kilogramu 48 na ulihitaji watu wawili kuushika. Msumeno wake wa petroli ulifuata mwaka 1929. Haja yake ni rahisi kuiona: msituni hakuna pa kuchomeka waya.

Mwaka 1971 George Ballas, mfanyabiashara wa Houston huko Texas, alitazama brashi zinazozunguka katika mashine ya kuoshea magari akapata wazo la kukata majani kwa uzi badala ya kisu. Alitoboa kopo la bisi, akapitisha uzi wa kuvulia samaki, akalifunga kwenye chombo kinachozunguka. Uzi huo wa plastiki ndio unaotumika mpaka leo katika mashine nyingi za kufyekea za kubeba begani. Mashine za betri nazo zilipata nguvu ya kutosha baada ya betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991.

Katika Afrika ya Mashariki chombo cha kawaida kilikuwa, na mahali pengi bado ni, fyekeo au kwanja, ambalo Kenya huitwa pia slasha. Vizazi vya wanafunzi vinalijua vizuri, wengine kama kazi ya asubuhi na wengine kama adhabu. Halihitaji mafuta wala umeme, na kwa kipande kidogo cha majani mbele ya nyumba hakuna aibu yoyote kubaki nalo.

Injini ya petroli

Mashine ya kusukuma yenye magurudumu kwa kawaida ina injini ya mipigo minne. Petroli huwekwa peke yake katika tangi, na oili ya injini hukaa mahali pake chini. Oili hiyo hukaguliwa kabla ya kila kazi na kubadilishwa kwa muda unaotajwa katika kitabu cha mashine. Mara nyingi ni baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila baada ya saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka. Chujio la hewa husafishwa mara nyingi zaidi kiangazi, maana vumbi ndilo adui mkubwa wa injini hizi.

Mashine ya kufyekea ya begani mara nyingi ina injini ya mipigo miwili. Hii haina mahali pa oili. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa katika tangi. Kipimo hutolewa na mtengenezaji. Kipimo cha 50 kwa 1 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na 25 kwa 1 ni mililita 40. Kukisia kwa jicho ndiko kunakoua injini nyingi. Oili ikipungua, pistoni hukwaruzwa na kukwama. Ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka. Mtu anayetia petroli tupu katika injini ya mipigo miwili huweza kuiharibu kabisa kwa siku moja tu, na ndiyo sababu galoni la mchanganyiko lapaswa kuandikwa kwa maneno makubwa ili lisichanganywe na la petroli.

Petroli pia haikai muda mrefu. Ikiachwa ndani ya kabureta kwa wiki nyingi, sehemu yake nyepesi huvukiza, na inayobaki hugeuka utando wa kunata unaoziba matundu membamba. Kwa hiyo mashine iliyofanya kazi vizuri mwishoni mwa masika hukataa kuwaka vuli inapoanza, na mwenye nyumba huvuta kamba ya kuwashia hadi bega linamuuma. Dawa yake ni kuyamaliza mafuta yaliyomo kabla ya kuihifadhi mashine: tangi humwagwa katika chombo salama, kisha injini huachwa iendelee kuwaka mpaka izime yenyewe.

Faida za petroli ni za kweli. Tangi hujazwa kwa dakika moja na kazi huendelea. Nguvu haipungui kadiri mafuta yanavyoisha. Karibu kila mji una fundi wa pikipiki au jenereta anayeweza kufungua kabureta, na injini za kampuni kubwa zina vipuri hata baada ya miaka mingi.

Mota ya umeme na hesabu ya betri

Mota ya umeme haina kabureta, wala plagi, wala chujio la hewa, wala oili. Huzunguka mara kitufe kinapobonyezwa, hata baada ya kukaa stoo miezi sita. Kazi ya kuitunza ni kuondoa majani yaliyoganda, kunoa kisu na kuilinda dhidi ya mvua.

Mashine ya waya ndiyo rahisi na nyepesi kuliko zote, na haiishiwi chaji. Kasoro yake ni waya wenyewe. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haifai: ikiwa ndefu hupata joto, umeme unaofika kwenye mota hupungua, na mota huungua taratibu bila mtu kujua sababu. Nyaya nene za matumizi ya nje ndizo zinazotakiwa, na ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu lake hukunjuliwa yote kabla ya kazi kwa sababu hiyohiyo ya joto. Kwa kiwanja chenye miti mingi, waya hugeuka mzigo.

Kwa mashine ya betri, hesabu huanza na namba mbili zilizoandikwa juu yake: volti (V) na ampia-saa (Ah). Zikizidishwa hutoa wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichomo. Betri ya volti 36 na ampia-saa 5 ina wati-saa 180. Mota ikivuta wati 600, betri hiyo itafanya kazi kwa dakika 18 hivi. Muuzaji anayetaja volti peke yake hajasema kitu. Betri ya volti 40 yenye ampia-saa 2 ina nishati chini ya nusu ya hiyo ya kwanza.

Uniti moja ya umeme, ile inayonunuliwa kwa LUKU nchini Tanzania au kwa tokeni nchini Kenya, ni kilowati-saa moja, sawa na wati-saa 1,000. Hata nishati inayopotea katika chaja ikihesabiwa, uniti moja huijaza betri ya wati-saa 180 mara nne au zaidi. Mashine ya petroli ya kusukuma huweza kunywa takriban lita moja kwa saa ya kazi nzito. Kwa muda huohuo mashine ya umeme ya nyumbani hutumia kati ya nusu uniti na uniti moja na nusu. Tofauti hiyo inatokana na jinsi nishati inavyopotea: lita ya petroli ina karibu kilowati-saa 9, lakini sehemu kubwa hutoka kama joto na moshi, na ni kiasi cha moja ya tano au chini ya hapo kinachofika kwenye kisu. Bei hubadilika, ila kila mtu anaweza kuweka bei za mjini kwake katika hesabu hii akapata jibu lake.

Hata hivyo hesabu hiyo haijakamilika mpaka bei ya betri iingie. Betri mara nyingi ni sehemu kubwa ya bei ya mashine, na haidumu milele. Za lithiamu huweza kuchajiwa mara mia kadhaa kabla hazijapungua sana, na joto huzizeesha upesi. Betri iliyoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa, au ikawekwa kwenye chaja ikiwa bado ya moto baada ya kazi, hufupishwa maisha. Inapohifadhiwa kwa muda mrefu ni vizuri iwe na chaji ya nusu hivi, mahali penye ubaridi na pakavu.

Ubaya mwingine hujulikana ukiwa umechelewa. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Anayenunua mashine ya kwanza kwa kweli anachagua familia nzima ya vyombo: mashine ya kusukuma, ya kupogolea michongoma, msumeno, kipuliza majani. Jambo hili humfaidi anayetaka vyombo vingi vinavyotumia betri moja. Humwumiza aliyenunua mashine iliyoletwa kutoka nje na ndugu au mfanyabiashara, kisha akagundua kwamba betri mpya haiuzwi popote nchini. Swali la kuuliza dukani, kabla ya swali la bei, ni kama betri inauzwa peke yake hapohapo. Mashine zilizotoka Marekani zina tatizo jingine: chaja zake nyingi ni za volti 120, ilhali umeme wa Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240.

Kukatika kwa umeme si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa betri huchajiwa saa yoyote umeme unapokuwapo, na nyasi haziharibiki zikisubiri kesho. Lakini kwa fundi wa bustani anayezunguka nyumba sita kwa siku, betri mbili hazitoshi, na petroli katika galoni ndiyo uhakika wake.

Kiwanja na aina ya nyasi

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita mraba 400, lakini nyumba, njia ya gari na sehemu zilizosakafiwa zikitolewa, mara nyingi nyasi hazizidi mita mraba 150. Mashine yenye kisu cha sentimita 36, ikisukumwa kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa, hukata mita mraba 720 kwa saa kwa hesabu tupu. Kona, miti na kurudia mistari huongeza muda, hivyo mita mraba 150 huchukua robo saa au dakika chache zaidi. Hiyo ni kazi ya betri moja. Kiwanja cha nyasi cha robo eka, yaani takriban mita mraba 1,000, kinahitaji muda wa mara sita au saba zaidi, na hapo mnunuzi hana budi kuhesabu betri kadhaa au kuchagua petroli.

Nyasi nazo si sawa. Ukoka, unaostawi sehemu zenye joto, hutambaa chini na hukatika kwa wepesi. Nyasi za Kikuyu, Cenchrus clandestinus, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na ambazo jina lake limeenea duniani kutokana na Wakikuyu wa Kenya, hutengeneza zulia zito lenye mashina yaliyosokotana. Zikiachwa wiki tatu wakati wa mvua, mota ndogo hukwama na betri huisha katikati ya kazi. Kanuni ya watunza bustani ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Anayeifuata huweza kutumia mashine ndogo kwa miaka. Anayengoja majani yafike magotini hana njia ila mashine ya kufyekea ya petroli, au fyekeo.

Moshi, kelele na mtetemo

Katika nyumba nyingi za mjini anayelipia mashine si anayeitumia. Mwenye nyumba hutazama bei na nguvu, kisha kijana wa bustani ndiye anayesimama saa nzima karibu na bomba la moshi. Hapa ndipo tofauti ya petroli na umeme inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine popote, nayo haiandikwi kwenye boksi.

Injini ya kawaida ya mipigo miwili hutoa nje sehemu ya mafuta yasiyoungua, ambayo huweza kufikia robo, pamoja na oili iliyochanganywa. Mamlaka ya hewa ya jimbo la California ilikadiria kwamba kuendesha mashine ya petroli ya kukata nyasi kwa saa moja hutoa gesi zinazotengeneza ukungu wa moshi mjini sawa na gari dogo jipya linalosafiri maili 300, yaani kilomita 480. Huo ni karibu mwendo wa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kwa kipuliza majani makadirio yalikuwa maili 1,100. Ifahamike kwamba kipimo hicho ni cha gesi hizo tu, wala si cha kiasi cha mafuta kinachotumika. Gari lina kifaa cha kusafishia moshi, na mashine nyingi ndogo hazina.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kiwango kinachotumiwa na taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94 muda ni saa moja. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mashine ya kufyekea ya petroli huweza kufikia viwango hivyo sikioni mwa anayeibeba. Za umeme kwa kawaida ni tulivu zaidi, ingawa kisu kinachozunguka na kipuliza majani bado vina sauti. Uziwi unaotokana na kelele hauponi, na huingia polepole kiasi kwamba mtu huanza kwa kulaumu wengine kwamba wanazungumza chini chini.

Mtetemo wa injini nao, ukizoeleka kwa miaka, hudhuru mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole, vikafa ganzi na kuwa vyeupe wakati wa baridi. Anayeamua kununua petroli basi anapaswa kununua pia vizuia sauti vya masikio, miwani, glavu na viatu vigumu, na kuvihesabu kama sehemu ya bei ya mashine.

Sheria

Kwa sababu ya moshi huo, California ilipitisha sheria mwaka 2021, na kanuni zake zinazitaka injini nyingi ndogo mpya za bustani zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2024 zisitoe moshi kabisa. Mji wa Washington ulipiga marufuku vipuliza majani vya petroli kuanzia Januari 2022. Mashine ambazo watu walikuwa nazo tayari California hazikuchukuliwa.

Usalama

Kisu kinachozunguka hakijui tofauti ya petroli na umeme. Mawe, vipande vya waya na mifupa huokotwa kwanza. Watoto na wapita njia hukaa mbali. Kwa mashine ya kufyekea watengenezaji hutaja mita 15. Kabla ya kugusa kisu, waya wa plagi hutolewa katika mashine ya petroli, waya wa ukutani huchomolewa, au betri huondolewa. Mashine ya betri ina hatari yake maalumu: kwa kuwa ni kimya, mtu husahau kwamba iko tayari kuzunguka.

Petroli haimiminwi katika injini yenye moto, na injini haiwashwi ndani ya stoo, kwa sababu moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Mashine ya waya haitumiwi kwenye majani mabichi ya mvua, na saketi yake inapaswa kuwa na swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja kiasi cha milliampia 30. Nyumba nyingi za zamani hazina swichi hiyo. Fundi umeme huweza kuifunga.

Mashine zilizotumika na betri zilizochoka

Soko la mitumba lina mashine nyingi za petroli zinazofaa. Mnunuzi mwangalifu huomba aikute injini ikiwa baridi, maana muuzaji aliyeiwasha kabla ya mgeni kufika huenda anaficha injini inayosumbua asubuhi. Rangi ya oili, kamba ya kuwashia na moshi wa buluu hueleza mengine. Kwa mashine ya betri iliyotumika, taa za chaji zilizo juu ya betri hazitoshi: betri iliyochoka huwasha taa zote nne kisha huzimika baada ya dakika tatu za kazi. Njia ya kuijua ni kukata nyasi nayo kwa dakika kumi. Betri ya lithiamu iliyovimba au kupasuka haichajiwi tena, haichomwi moto wala haitupwi katika shimo la taka. Hurudishwa kwa muuzaji au kwa wanaokusanya taka za vyombo vya umeme, ikiwa ncha zake zimefunikwa kwa utepe.